Hesabu ya Maji

Nilifika Kajiado Machi 1984 nikiwa na sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na barua ya kuitwa Fomu Faivu. Baba alinisindikiza hadi kituo cha basi Athi River. Gari la Namanga liliposimama akanipandishia godoro, kisha akaja kusimama chini ya dirisha langu. "Mwanangu," akasema, "huko uendako kuna wenyewe. Masikio yatangulie, mdomo ufuate." Nikaitikia, "Ndiyo, Baba," kwa haraka ya kijana wa miaka 18 anayetaka gari liondoke.

Baba alikuwa mchinjaji katika kiwanda cha nyama cha Athi River. Alitoka Pwani akiwa kijana, kwa kuwa kazi ile ilitaka Waislamu, naye akaifanya hadi uzeeni. Mimi nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Nilikua nikiwaona ng'ombe wakishushwa kwenye malori, wengine wakifika kwa miguu, wameswagwa kutoka tambarare za Umasaini, vumbi likiwatangulia. Kwa hiyo nilijihesabu miongoni mwa watu wanaowajua ng'ombe. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kunifunza.

Siku hizo, ukitoka Athi River kwenda Namanga, Kitengela ilikuwa mahali pa kupita tu: maduka machache ya mabati kando ya lami, na wenyeji wengi walipaita Noonkopir. Ukishayapita maduka hayo ilikuwa nyika. Mkono wa kulia nyumbu walitapakaa mpaka macho yachoke, kwa maana Mbuga ya Nairobi haikuwa na ua upande wa kusini. Mvua ikinyesha walitoka mbugani kuja kula majani mafupi na kuzaa, kiangazi kikikaza wakarudi kwenye maji. Basi likapita Kisaju, likapita Isinya, na jua lilipoanza kuinama tukaingia Kajiado.

Jina la mji huo limetokana na Kimaa, Orkejuado, yaani mto mrefu. Nilipouona mto wenyewe, ulikuwa mchanga mtupu. Kina mama walikuwa wamechimba mashimo mchangani, mmoja amezama hadi kiunoni, anachota kwa kikombe na kumimina kwenye mtungi wa plastiki wa manjano. Kikombe kwa kikombe. Sikushangaa, nilidhani ndivyo kulivyo huko siku zote.

Shule yetu ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini. Jina lake silitaji, kwa kuwa wengi wa nitakaowasimulia wangali hai nami sikuwaomba ruhusa. Ilikuwa na mabweni ya mawe, jiko lililojaa moshi, tangi la maji juu ya nguzo za chuma, na rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mgunga ndiyo kengele yetu. Pande zote ilizungukwa na seng'enge. Usiku upepo ulipoza mpaka tulilala na soksi, na katikati ya usiku tulisikia treni ya magadi ikipita, imetoka ziwani Magadi kuelekea Konza na mwisho Mombasa. Kwangu mimi sauti ile ilikuwa faraja. Niliiwazia ikifika alikozaliwa Baba.

Lazima nieleze Fomu Faivu ilikuwa nini, maana Mkenya wa chini ya miaka 50 hakuiona. Mfumo wetu ulikuwa 7-4-2-3: miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya Fomu Faivu na Siksi, kisha 3 ya chuo kikuu. Fomu hizo mbili za juu zilianza kushika mizizi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Strathmore ilifunguliwa Nairobi mwaka 1961 kwa ajili hiyo hasa, ikawaketisha pamoja vijana wa rangi zote na dini zote, wakati nchi ingali mikononi mwa mkoloni na shule zimegawanywa kwa rangi. Baada ya uhuru madarasa hayo yakafunguliwa hata katika shule za mbali na miji, na yetu ikawa mojawapo. Mwishoni ulifanya KACE: masomo matatu ya prinsipali, na juu yake Maarifa ya Jumla, somo ambalo kila mtu aliliita GP.

Katika Fomu Foo tulikuwa tumeachana na wenzetu wengi sana. Nafasi zilikuwa chache, na aliyezikosa hakuwa na pengine pa kupanda. Darasa letu la masomo ya sanaa lilikuwa la watu 28. Kulikuwa na Waluo kutoka Siaya, Wakikuyu kutoka Nyeri na Murang'a, Wakamba wa Machakos, Wameru, Wakalenjin, Mtaita mmoja, na mimi, mtoto wa Pwani aliyezaliwa bara. Wamasai walikuwa wanne tu, katika shule iliyokuwa katikati ya Umasaini.

Wadogo zetu wa Fomu Wani hadi Foo walivaa kaptura. Sisi tulivaa suruali ndefu na tai, na taa yetu ya prepu haikuzimwa mapema. Lakini tofauti kubwa ilikuwa maswali. Miaka 11 nilikuwa nimeulizwa maswali ambayo mwulizaji alikuwa na jibu lake mfukoni. Mwalimu wetu wa Historia na GP ndiye aliyetuvunja mazoea hayo. Alitoka Uganda. Walikuwa wengi katika shule zetu miaka ile, watu wenye digrii za Makerere waliokimbia utawala wa Idi Amin na misukosuko iliyoufuata. Alikuwa mtu mfupi, mpole, wa sweta moja ya kijivu, na alikuwa na maswali mawili. La kwanza: "Wewe unaonaje?" Hilo lilitufurahisha, kila mtu alikuwa na la kusema. Ukishamaliza kusema, akakuletea la pili: "Umejuaje?"

Umejuaje. Nimewaona vijana hodari, waliopata alama za juu katika wilaya zao, wakiketi chini polepole mbele ya neno hilo moja.

Mvua za masika hazikunyesha mwaka ule. Machi ilipita, Aprili ikapita, Mei mawingu yalikusanyika jioni tatu au nne kisha yakatawanyika. Anayekumbuka 1984 atakumbuka mahindi ya njano yaliyoletwa na meli kutoka ng'ambo. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia, nasi tuliula wote. Wakamba wa darasa letu walituambia kwao njaa hiyo imepewa jina, Nikw'a Ngwete, nakufa nikiwa nimeshika pesa: pesa ilikuwapo, chakula cha kununua hakikuwapo. Ramadhani iliangukia Juni. Nilifunga katika vumbi lile, na kila siku ilipokaribia magharibi nilikuwa nikiliangalia tangi la maji kama mtu anavyoliangalia jua.

Mwezi wa Julai ng'ombe wakaja kwenye ua.

Ilikuwa asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza. Kiungo cha bomba chini ya tangi kilikuwa kikivuja, tone baada ya tone, na ardhi pale ilikuwa na unyevu wa ukubwa wa sinia. Ng'ombe walikuwa wameisikia harufu. Mmoja, jike jeupe lenye madoa mekundu mabegani, alikuwa amepenyeza pua kati ya nyaya za seng'enge, ulimi umetoka nje, analamba hewa. Mbavu zake zilihesabika. Miiba ya waya ilikuwa imemchana juu ya pua na damu imeganda, naye hasogei. Nyuma yake walisimama wengine wengi, kimya. Nilikuwa nimewaona ng'ombe maelfu maishani mwangu. Sikuwa nimepata kuona ng'ombe 200 walio kimya. Na nyuma ya ng'ombe, wazee watatu wameegemea fimbo zao, hawakuita mtu, hawakuomba kitu. Walingoja waonekane.

Kisima chetu kilikuwa cha mashine ya dizeli, na dizeli ilinunuliwa kwa kipimo. Siku hiyo shule nzima iligawanyika. Viranja walisema maji ni ya wanafunzi, karo imelipwa, na ukiwanywesha hawa leo kesho watakuja wa wilaya nzima. Wengine walisema ni haramu kumtazama mnyama akifa kwa kiu. Mimi nilikuwa upande huo wa pili, kwa sauti kubwa. Nikiwa mdogo Baba alikuwa akinisimulia habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake. Niliisimulia bwenini kwa ufasaha wangu wote. Hakuna aliyebadili msimamo, wala wao hawakunibadili mimi.

Mwalimu mkuu alikuwa katika shida ya kweli. Alikuwa na watoto wa watu 360 mikononi. Sijui walizungumza nini na mwalimu wetu wa GP, lakini kipindi cha mchana huyo mwalimu aliingia darasani bila daftari. Alitusikiliza tukigombana kwa dakika kumi. Akasema: "Wiki hii hatuandiki insha. Mmoja anasema maji yanatosha, mwingine anasema hayatoshi. Nyote mmejuaje? Nendeni mkajue. Mniletee Ijumaa."

Tukajigawa. Kundi moja lilichukua pipa la lita 200, likaliweka kwenye mdomo wa bomba, likapima kwa saa ya mkononi. Pipa lilijaa kwa dakika 4. Hiyo ni lita 50 kwa dakika, lita 3,000 kwa saa, na mashine ilikuwa ikifanya kazi saa 4 kwa siku: lita 12,000. Kundi la pili lilikaa bafuni na penye kufulia, likahesabu ndoo, likapata lita 20 kwa mwanafunzi, yaani 7,200. Kundi la tatu likaenda jikoni na nyumba za walimu, likarudi na 1,800. Yaliyosalia yalikuwa lita 3,000 kamili.

Mimi, mjuzi wa ng'ombe, nilipewa upande wa ng'ombe. Niliwahesabu kwenye ua: 200 na wachache. Nikamwendea mwalimu wa Baiolojia kuuliza ng'ombe mmoja wa kienyeji hunywa kiasi gani, akaniambia tukadirie lita 30 kwa siku. Mbuzi, kondoo na punda waliweza kunyweshwa kwenye mashimo ya mchangani, nikawaacha. Mara 200 ni lita 6,000. Ijumaa nilisimama ubaoni nikaandika, chaki ikilia: tunazo 3,000, zinahitajika 6,000. Maji yalitosha nusu ya ng'ombe. Nikageuka. Moyo ulikuwa unaniuma, kwa maana hesabu yangu mwenyewe ilikuwa imenishinda na kuwapa viranja haki.

"Basi nusu wafe?" mwalimu akauliza, kwa upole.

Hakuna aliyejibu. Ndipo aliponyanyua mkono mwenzetu mmoja wa nyuma, mtoto wa Kisaju, kule upande wa Kitengela. Wiki nzima alikuwa hajasema neno. Alibeba pipa kama sisi, akahesabu ndoo kama sisi. Aliniuliza mimi, si mwalimu: "Umejuaje kwamba wanakunywa kila siku?"

Nikasema mwalimu wa Baiolojia ameniambia lita 30 kwa siku.

"Ng'ombe wa ukame hawanywi kila siku," akasema. "Nyasi zilizobaki ziko mbali na maji. Leo wanakuja kunywa, kesho wanakwenda kula, keshokutwa wanarudi. Ukiwaleta kila siku utawaua kwa kutembea. Akiruka siku atakunywa zaidi, lakini si maradufu. Weka 40."

Nilirudi ubaoni. Ng'ombe 100 leo, 100 kesho. Mara 40 ni lita 4,000 kwa siku. Tuna 3,000. Pengo lilikuwa lita 1,000, na lita 1,000 kwa mashine yetu ni dakika 20.

Dakika 20. Jambo lililokuwa limeigawa shule kati ya wenye huruma na wenye sheria lilikuwa dakika 20 za mashine. Darasa lilinyamaza. Mwalimu alimtazama yule kijana kwa muda, akamuuliza kwa nini hakusema tangu Jumatatu. Akajibu, "Hakuna aliyeniuliza."

Sitasahau jibu hilo maadamu ni hai. Tulikuwa tumepima kila kitu kilichopimika. Tulimwuliza mpishi, tulimwuliza fundi wa mashine, tulimwuliza mwalimu mwenye digrii. Wenye ng'ombe walikuwa wamesimama hatua 30 kutoka kwetu, na watoto wao wanne tumeketi nao darasa moja, tukala nao sahani moja, na hakuna aliyefikiri kwamba wanachojua ni elimu. Maneno ya Baba chini ya dirisha la basi yakanirudia, na yakaniumiza.

Mwalimu mkuu alikubali. Tukakutana na wazee chini ya mgunga wa kengele, mwenzetu wa Kisaju akitafsiri. Nilijifunza siku hiyo kuinamisha kichwa nao wakakigusa kwa kiganja, ndiyo salamu ya mtu wa umri wangu kwa mzee. Walisikiliza hesabu yote bila kutukatiza. Mmoja akauliza dizeli ya dakika 20 ni kiasi gani, akaambiwa. Akasema hiyo wataileta wao, boma kwa boma, kwa zamu. Akauliza tena: mashine ikiharibika, nani atatuambia? Mwalimu mkuu akanyoosha kidole kwangu. Mzee akanitazama. "Utuambie mapema, kijana wangu," akasema. "Ng'ombe akishaanza safari ya maji harudi nyuma."

Tukajenga birika nje ya ua, la mawe na saruji, mikono yetu ikaota malengelenge. Mara moja mkanda wa mashine ulikatika usiku, nami nilitoka saa 10 alfajiri pamoja na mwenzangu, tukakata nyika kwa tochi mpaka kwenye boma la yule mzee, tukamkuta ameshaamka. Aligeuza mifugo upande wa mchangani. Alichosema ni kwamba tumefika mapema.

Nisidanganye kwamba tuliwaokoa wote. Kufikia Septemba njia ya kwenda mjini ilinuka mizoga. Mwenzetu wa Kisaju alikuwa ametuonya: maji yanampa ng'ombe miguu ya kwenda kutafuta nyasi, lakini nyasi hatuwezi kuzipampu. Yeye mwenyewe hakurudi muhula wa tatu. Kaka yake alikuwa akiwaswaga ng'ombe wa nyumbani kutafuta malisho ya mbali, na mikono ilihitajika. Mvua ilinyesha mwishoni mwa mwaka. Januari 1985 akatokea langoni, amekonda, suruali ndefu inamzunguka kiunoni. Mwalimu mkuu alimrudisha darasani bila kumwuliza barua. Kwa wiki kadhaa tulikaa naye prepu tukimsomea madaftari yetu, na yeye alitusimulia njia alizopita. Kati ya masomo yale mawili sijui lipi lilikuwa kubwa.

Mwaka ule wa 1985 palitokea jambo lingine, ambalo wakati huo hatukulijua uzito wake. Bweni la Fomu Wani lilibaki tupu. Tume ya Mackay ilikuwa imependekeza mwaka 1981 chuo kikuu cha pili na mfumo mpya wa elimu. Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa 1984, na Januari 1985 nchi ikaingia 8-4-4: miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, 4 ya chuo kikuu. Watoto wa darasa la saba hawakufanya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Waliongezewa darasa la nane. Kwa hiyo Kenya nzima haikuwa na Fomu Wani mwaka ule. Jioni nilipita kando ya bweni lile nikienda maktaba, vitanda vimepangwa, mlango unagongagonga kwa upepo. Nyuma ya pengo hilo sisi tulikuwa tukielekea mwisho bila kujua. KCE ya mwisho, mtihani wa Fomu Foo, ilifanywa 1987, na KACE ya mwisho 1989, mwaka ule ule wa KCSE ya kwanza, mtihani wa sekondari wa mfumo mpya.

Mimi nilipata prinsipali tatu. Nikaenda Gilgil kwenye mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, kama walivyofanya wote waliochaguliwa kwenda chuo kikuu siku hizo, kisha Kenyatta kusomea ualimu. Mwenzangu wa Kisaju alipata mbili, na nafasi hazikufika kwake. Akarudi kwa ng'ombe.

Nilianza kufundisha 1990. Nataka kuwa mwadilifu kwa 8-4-4, kwa maana nimekula chumvi yake miaka 35. Mlango wa Fomu Faivu ulikuwa mwembamba kupita kiasi. Kwa kila mmoja wetu 28, walikuwapo wengi wenye akili kama yetu waliobaki nje, na wasichana wa Kimasai walioupita walikuwa wachache mno. Mfumo mpya uliwafikisha mbali zaidi watoto ambao wa zamani ungewaacha njiani. Lakini KCSE ya mwanzo ilikuwa ya masomo 10, na mwalimu mwenye masomo 10 ya kukimbiza hana wiki moja ya kuwaambia watoto, nendeni mkajue. Uganda na Tanzania bado wana kidato cha tano na cha sita. Sisi sasa tumerudisha sekondari ya juu, safari hii ya miaka 3, Gredi ya 10 hadi ya 12, yenye mikondo yake. Ninawaombea walimu wake wapewe wiki hiyo moja.

Nilirudi kuishi Kitengela, na nikaiona ikibadilika machoni pangu. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila familia ikapata hati yake. Wakaja wanunuzi, wakaja viwanda vya eneo huru la biashara pale Athi River, zikaja nyua. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika mji ambao mimi niliupita bila kugeuza shingo. Nyumbu hawaonekani tena barabarani.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala wasiuze, wanyamapori na mifugo wapate kupita. Niliuhudhuria mkutano mmoja wa kuueleza, na aliyesimama kuuliza alikuwa mwenzangu wa Kisaju, mvi zimeanza kumtoka. Aliuliza malipo yatakuja mwezi gani. Aliambiwa mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa. Akaketi akaandika kwa kalamu kwenye kiganja: ekari zake, dola, karo ya watoto wake watatu. Kisha akasema inafaa, akatoa ardhi yake. Nilipomwangalia akipiga hesabu kiganjani nililiona pipa letu chini ya bomba.

Kila darasa nililofundisha, tangu 1990, niliwapa kitendawili kile. Kisima hiki, mashine hii, wanafunzi hawa, ng'ombe hawa 200. Maji yanatosha? Wote hupiga hesabu upesi, wote hupata nusu. Nami hungoja. Miaka mingi hakuna aliyeuliza, nikawaeleza mwenyewe.

Mwaka wangu wa mwisho aliuliza msichana mmoja, mzaliwa wa fleti za Kitengela, ambaye nadhani hakuwahi kumgusa ng'ombe. "Mwalimu," akasema, "hao ng'ombe hunywa kila siku? Wenyewe wameulizwa?" Nilishikwa na furaha mpaka sauti ikanikauka. Nikamwambia, tutawauliza. Jumamosi nikawapeleka wanafunzi 12 kwa mwenzangu, nikiwa na jibu langu la 1984 tayari, nikingoja tu alitamke mbele yao.

Alitupokea chini ya mti, akaletewa kiti, akamsikiliza yule msichana hadi mwisho.

"Zamani walikuwa wakiruka siku," akamwambia. "Kwa sababu nyasi zilikuwa mbali na walikuwa na njia ya kuzifuata. Sasa angalia." Akaonyesha kwa fimbo: ukuta wa mawe, waya, ukuta, ghorofa. "Hawana pa kwenda. Wangu wanakunywa kila siku."

Msichana aliandika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, na miaka 35 ya jibu langu ikaniishia mkononi. Mwenzangu akaniona. Tumejuana muda mrefu. Hakuhitaji kunyanyua sauti.

"Ndugu yangu," akasema, "hukuniuliza tena."